Ndege Ambaye Mwalimu Rebeccah Hakuwahi Kumwona

Mwalimu Rebeccah alifundisha fasihi ya Kiingereza katika shule moja ya wasichana, si mbali na Kapkatet, mpaka akastaafu. Katika miaka hiyo yote hakuna ndege aliyempenda kama lark. Alimpendea vitabuni. Katika mashairi ya Waingereza, lark huamka kabla ya kila kiumbe, hupaa moja kwa moja kuelekea mbinguni huku akiimba, mpaka macho yanashindwa kumfuata na kinachobaki ni sauti tu, ikianguka kutoka juu kama manyunyu. Rebeccah akifika hapo alikuwa akifunga kitabu, anatazama nje kwenye mashamba ya chai, kisha anauliza darasa zima, "Lark ni ishara ya nini?"

Wasichana walijibu bila kufikiri. Ishara ya furaha. Ishara ya mapambazuko. Ishara ya roho ya mshairi. Ni mmoja tu, mwaka fulani, baada ya kuelezwa kwa Kiswahili kwamba lark ni ndege, aliyeandika katika mtihani kwamba lark ni ndege ya abiria inayoondoka alfajiri na kutua ikiwa imechelewa. Rebeccah alimnyima alama, lakini ilibidi avue miwani apanguse machozi ya kicheko.

Basi alipojifungua binti, naye akazaliwa alfajiri, hakukuwa na mjadala. Mama mkwe alimpa mtoto jina la Chepkurui, kwa sababu usiku ule watu waliitana kwa sauti kutoka mlima mmoja hadi mwingine wakimtafuta mkunga. Rebeccah akaongeza la kwake, Lark. Mumewe Johana, mkulima wa chai na ng'ombe wa maziwa, alilikubali papo hapo. Alikuwa amesikia "Lucky", na kwa kuwa wiki hiyo ng'ombe wake pia alikuwa amezaa ndama jike, aliona jina limefaa. Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea ndipo Johana akagundua kwamba hajawahi kumwita binti yake jina lake.

Majirani nao walisikia "Laki". Johana akawa Baba Laki, na kwenye kituo cha kupimia majani chai watu wageni walimpisha foleni wakidhani ni tajiri.

Mtoto mwenyewe alikua akiwa kinyume cha jina. Kuamka mapema kulimshinda kabisa. Shuleni aliingia darasani sare ikiwa imegeuzwa nje ndani. Kuhusu kuimba, kwaya ya kanisa ilimsikiliza mara moja, kisha mwalimu wa kwaya akamwomba kwa upole mwingi awe anapanga viti. Nywele zake zilisimama utosini hata zikipakwa mafuta ya aina yoyote. Rebeccah alimpenda sana, lakini mara kwa mara alimtazama akila uji saa nne asubuhi, akashusha pumzi. Binti aliiona pumzi hiyo kila iliposhushwa.

Alisomea udaktari wa mifugo, akanunua pikipiki, akawa anazunguka vijijini akitibu ng'ombe. Kwenye duka la dawa za mifugo pale Kapkatet alikutana na Ratemo, kijana mpole wa Kikisii ambaye watu wake walihamia karibu na Ndanai zamani na kukaa huko wakilima mahindi na ndizi. Ratemo alimuuzia dawa ya minyoo, akamrudishia chenji, akasahau kumpa dawa yenyewe. Hivyo ndivyo walivyojuana.

Siku ya koito, siku ya familia mbili kuketi na kufunga uchumba, watu wa Ratemo walifika nyumbani kwa Johana wakiwa wamevaa vizuri. Aliyewaongoza alikuwa bibi yake, Nyabate, mwanamke mfupi, mnene, mwenye fimbo ambayo hakuihitaji. Wajukuu wote walimwita Magokoro, ambalo ni neno la Kikisii la bibi. Kando yake aliketi Nyamweya, mjomba wa Ratemo.

Chai ikanywewa, sala ikaombwa, mazungumzo yakaanza vizuri. Kisha Nyabate akauliza, "Na msichana wetu anaitwa nani?"

"Lark," Rebeccah akasema kwa fahari.

"Laki?" Nyamweya akaweka kikombe chini. "Laki ngapi?"

"Si pesa, mzee. Ni ndege."

"Ndege gani?" Nyabate akauliza.

"Ni ndege wa alfajiri, mama. Anaimba vizuri ajabu. Ni ishara ya furaha, na ya mapambazuko, na pia ya..."

"Sikuuliza ishara ya nini. Nimeuliza ni ndege gani." Nyabate akaegemeza mikono yake kwenye fimbo. "Mwalimu, hebu nikueleze. Kila msichana anayeolewa katika boma letu, mimi ndiye humwimbia siku ya kuingia. Namwimbia jina lake. Sellah nilimwimbia, Bosibori nilimwimbia, mpaka Yunia aliyeolewa akiwa na hasira. Sasa huyu nitamwimbiaje na sijui ndege wake? Ana rangi gani? Anakula nini? Analala wapi?"

Rebeccah akanyoosha kitambaa cha meza. Maelfu ya wasichana walikuwa wamepita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza lark anakula nini. Johana alimgeukia mkewe kwa hamu, kwani yeye pia alitaka kujua.

"Wako huku kwetu?" Nyabate akaendelea.

"Wako," Rebeccah akasema, maana asingeweza kusema hapana.

"Wapi?"

Mkono wa Rebeccah ukainuka wenyewe kuelekea dirishani. "Hata pale," akasema.

Wote wakageuka. Juu ya paa la zizi alikuwa amesimama kunguru mkubwa mwenye kifua cheupe. Wakiwa bado wanamtazama, kunguru akashuka hadi kwenye sinia la nyama ya kuchoma iliyowekwa nje ipoe, akachagua kipande kizuri cha ubavu, akarudi nacho juu ya paa. Kisha akalia kwa sauti ya mlango usiotiwa grisi.

"Huyo?" Nyabate akauliza.

Mkono wa Rebeccah ulikuwa bado hewani. "Huyo."

"Huyo si kunguru?"

"Kwa Kiingereza," Rebeccah akasema kwa sauti ndogo, "wanamwita lark."

Lark mwenyewe, aliyekuwa akipita na birika, alipaliwa na mate yake, akakimbilia jikoni. Ratemo alikazia macho viatu vyake. Johana alikohoa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. Lakini nani angemkosoa mwalimu wa Kiingereza mbele ya wageni, juu ya neno la Kiingereza?

"Kunguru," Nyabate akasema polepole, akitikisa kichwa. "Haya. Ni ndege mwenye bidii."

Wiki mbili baadaye Ratemo alifika jioni akiwa na uso wa mtu anayepeleka habari za ajali. Hakukaa. Alitoa simu mfukoni.

"Mwalimu, samahani. Naomba usikilize hii. Magokoro ameshatunga."

Akabonyeza. Sauti ya Nyabate ikajaa sebule, yenye nguvu na furaha, na wanawake wengine wakimwitikia na kupiga makofi. Ratemo akatafsiri kutoka Kikisii, kila mstari akiutoa kama jino.

"Anasema... kunguru wetu anakuja, ficheni nyama. Amevaa shati jeupe kama karani, lakini koti lake ni jeusi na mifuko yake ni mirefu. Hapa anasema... mama yake alitufundisha jina lake kwa Kiingereza, ili tukiibiwa tuibiwe kwa heshima."

Lark alianguka kwenye kochi, akacheka bila sauti, miguu juu. Johana alitoka nje haraka kwenda kutazama ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

"Zima," Rebeccah akasema.

"Kuna ubeti mwingine, wa ubavu."

"Ratemo. Zima."

Akazima. Rebeccah akauliza kwa nini hakumweleza bibi yake ukweli.

"Nilimweleza. Ameniambia mwalimu mwenyewe alisema ni kunguru, na mimi ni nani nimbishie mwalimu? Na harusi ni mwezi ujao. Kina mama wote wa kanisa wameshajifunza kuitikia."

"Basi nitaenda mimi nimwambie nilikosea."

"Na akikuuliza wa kweli ni yupi?" Lark akauliza kutoka kwenye kochi. Akaketi, akafuta machozi. "Mama, wewe umewahi kuona lark?"

Rebeccah akaanza kupanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. "Kuona kwa macho?"

"Sasa kuona kwa nini kingine?"

"Hapana," Rebeccah akasema.

Lark akaacha kucheka. "Yaani ulinipa jina la mtu hujawahi kuonana naye."

Hakulisema kwa ukali, lakini Rebeccah alilichukua hadi kitandani, na kesho yake alikwenda kumtafuta Bwana Masese. Masese alifundisha Kiswahili katika shule ileile, na likizo zake alizitumia kutazama ndege kwa darubini, jambo lililowafanya watu wa Kapkatet kumwonea huruma mkewe. Alikuja nyumbani na kitabu cha picha, akaketi mezani kama hakimu.

"Lark yule wa mashairi yako yuko Ulaya, Mwalimu. Huyo hatumpati. Lakini ndugu zake wapo hapa, wengi tu. Kwa Kiswahili ni kipozamataza."

"Kipo nini?" Johana akauliza.

"Kipozamataza."

Johana akatafakari. "Kip? Huyo ni mvulana. Kama ni msichana wa Kipsigis lazima awe Chepozamataza." Alijifurahia sana kwa neno hilo, hata akaenda kumwambia ng'ombe.

Masese alieleza kwamba kwenye chai hawatampata, kwa sababu anapenda nyasi fupi, mahali wazi, pale mifugo inapolisha. Wateremke upande wa Chepalungu. Johana alikuwa na dada yake huko, Tecla, mwenye malisho makubwa nje kidogo ya Siongiroi. Mpango ukafanywa. Rebeccah akampigia Nyabate simu akamwambia kwamba kuna kosa dogo limetokea kuhusu ndege, na kwamba angependa kulirekebisha kwa kumwonyesha. Nyabate hakuuliza kosa gani. Aliuliza tu kama huko kwa Tecla kuna mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu.

Walisafiri mchana kwa pikapu ya duka la Ratemo, Nyabate akiwa mbele kando ya Ratemo aliyeendesha, wengine nyuma wakiwa wameketi juu ya magunia ya chakula cha kuku. Tecla aliwapokea kwa kelele na kuwapa mursik mpaka Nyabate akafungua kifungo cha sketi. Alipoelezwa walichofuata alishangaa.

"Kale kandege ka rangi ya vumbi? Kanakokaa kwa vigingi? Wako wengi. Sisi hatuwatazamangi. Mmetoka huko kote kwa ajili ya hako?"

Asubuhi, jua likiwa linachomoza, walitoka kuelekea malishoni, wote isipokuwa Lark, ambaye aliitwa, akaitikia, akaendelea kulala. Umande uliwalowesha hadi magotini. Rebeccah alitangulia, amevaa koti lake la kanisani, uso ameuelekeza juu. Alikuwa akitafuta mbinguni. Alijikwaa kwenye kichuguu, akaendelea kutazama mbinguni.

"Mwalimu," Tecla akanong'ona, "huyu hapa."

Kwenye kigingi cha ua, juu kidogo ya bonge la samadi, alisimama ndege mdogo wa kahawia. Ungempita bila kujua umempita. Alifungua mdomo akapiga mluzi mtamu wa sauti tatu, kisha akanyamaza. Halafu akaupiga tena uleule. Halafu tena.

"Anasema 'leta maziwa'," Johana akanong'ona.

"Anasema 'toka kwangu'," Tecla akasema. "Hata mimi nikimsikia naondoka."

"Shh," Nyabate akasema. Alikuwa amefumba macho.

Rebeccah alingoja. "Sasa atapaa," akawaambia. "Mtazameni vizuri. Anaanza chini, halafu anapanda, anapanda, huku anaimba." Ndege akatikisa mabawa, yakatoa mlio mkavu kama karata zinazochanganywa. Rebeccah akashika kifua. Ndege akaruka kutoka kwenye kigingi, akatua kwenye nyasi, akaanza kutembea.

Alitembea kwa haraka, kichwa mbele, kama mtu anayewahi kufungua duka. Akamnyakua panzi. Akammeza.

"Ametembea," Rebeccah akasema.

Alirudi nyuma akaketi kwenye kile kichuguu alichojikwaa, na koti lake lilelile la kanisani. Nyabate akaenda akaketi karibu naye, ikabidi Rebeccah asogee.

"Mama, nisamehe," Rebeccah akasema. "Yule wa siku ile alikuwa kunguru tu."

"Ningekosaje kumjua kunguru? Nimewafukuza kwenye mahindi tangu sijaota meno."

"Ulijua?"

"Kila mtu alijua, mwalimu. Hata kunguru alijua."

"Na ule wimbo?"

"Ule nilitunga ili unipigie simu." Nyabate akaangalia pembeni. "Ingawa ubeti wa karani ni mzuri, lazima nikubali. Umenisumbua kuuacha."

Rebeccah hakujua alie au acheke, na alipokuwa bado anachagua akatokea Lark, akija polepole kwenye umande, amevaa gambuti za shangazi yake na shuka begani, jicho moja limefunguka. Nywele za utosini zilikuwa zimesimama wima.

"Yuko wapi?" akauliza.

Ratemo akamwonyesha. Ndege alikuwa amerudi kwenye kigingi. Alipiga ule mluzi, akasimamisha manyoya ya utosini, yakawa kishungi kidogo chenye wekundu wa kutu, kilichovurugika kama mtu aliyetoka kitandani sasa hivi. Johana akamtazama ndege, akamtazama binti yake, akamtazama ndege tena. Tecla akaweka kanga mdomoni.

Lark alimkodolea macho muda mrefu. Kisha akaanza kutabasamu.

"Ni huyu?" akasema. "Ni huyu tu? Mama, mimi nilidhani ni ndege wa ajabu. Nilidhani ana dhahabu hivi. Hata picha yake sikutaka kuitafuta, niliogopa nitamwona nijue vile nimekuangusha." Akacheka, akageuka. "Kumbe ni wangu kabisa. Mwangalie hizo nywele!"

Rebeccah alinyanyuka kutoka kwenye kichuguu. Alimkumbatia binti yake na gambuti zake, na hakushusha pumzi. Alisema kitu sikioni mwake ambacho wengine hawakukisikia, na Lark akajibu, "Najua, Mama. Lakini chai iko tayari, shangazi amesema?"

"Bado," Tecla akasema. "Na wewe ndiye utaipika."

Nyabate hakurudi nao nyumbani kwa Tecla. Alibaki pale malishoni na fimbo yake, pamoja na Tecla. Aligundua kwamba ndege huyo hujenga kiota chini kabisa, kati ya nyasi, mahali ng'ombe wanapopita. Alimuuliza Tecla kama hawakanyagwi. Tecla akasema wengine hukanyagwa, wengi hapana, na wao huimba tu. Nyabate akapenda sana jibu hilo. Walipomfuata kumwita kwenye chai walimkuta akipiga mluzi, na ndege akimjibu kwa hasira.

Harusi ilifanyika mwezi uliofuata, huko karibu na Ndanai, chini ya mahema yaliyoanza kuvuja kabla hata ya sala ya chakula. Bibi harusi alichelewa, na sababu ni kwamba alikuwa amelala. Alipofika langoni kina mama wa kanisa walijipanga kumpokea, Nyabate mbele, na kilichotoka kinywani mwake hakikuwa na kunguru ndani. Aliimba kwa Kikisii, na Ratemo, akiwa ameshika mwavuli, aliwatafsiria wakwe zake kwa sauti ya chini, safari hii bila kusitasita.

"Nimemwona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Ni mdogo, rangi yake ni ya udongo, nywele zake zinasimama. Nyumba yake iko chini, ng'ombe wanapita kando, na bado anaimba. Ana neno moja tu, analirudia mpaka ulisikie. Mlioletewa tausi, kaeni na tausi wenu. Sisi tumeletewa huyu."

Wanawake wakaitikia, wakaruka kwenye matope. Lark naye akaitikia kwa sauti yake ile, na mtu wa mbele akageuka, lakini hakuna aliyemnyamazisha. Rebeccah alisimama mvuani akilia waziwazi. Wimbo ulipokwisha aliwapita wageni wote mpaka kwa Nyabate.

"Mstari wa tatu," akasema. "Urudie. Hapo kwenye ng'ombe umetumia neno gani?"

Nyabate akaurudia. Rebeccah akauliza kama ng'ombe wasingekuja mwanzo wa mstari. Nyabate akasema ng'ombe wakija mwanzo, waitikiaji watakosa pumzi. Wakabishana hapo, mmoja akiwa na kofia ya harusi iliyolowa na mwingine na fimbo, mpaka chakula kikapoa, na kila mmoja alionekana kufurahi kuliko bibi harusi. Jioni, watu walipokuwa wakipanda magari, Rebeccah alimwambia mumewe atangulie. Yeye angebaki siku chache ajifunze nyimbo za Sellah na Bosibori, na hasa ule wa Yunia aliyeolewa na hasira.

Siku chache hizo ziligeuka wiki ya pili. Johana alipiga simu siku moja, saa ya chakula cha jioni, akataka kujua chumvi huwekwa wapi. Aliyepokea alikuwa Nyabate. Alimwambia kwamba Mwalimu hawezi kuja sasa, yuko kwenye ubeti, lakini anasema atafute rafu ya juu, nyuma ya majani chai.